Kuhamisha Ulinzi wa Mtandao kutoka Mashine Kuukuu kwenda Mpya
Mada iliyotolewa kwa mawakala wa forodha na wafanyabiashara wa mpakani Horohoro, Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga



Jambo nililotumwa kulizungumzia ni moja kati ya yale ambayo mwenye ofisi humkabidhi fundi, akalipa, akasahau. Nalo ni kubadilisha kompyuta inayosimamia ulinzi wa mtandao wa ofisi. Najua linasikika kama jambo la mafundi peke yao. Nitajaribu kuonyesha kwamba ni jambo la mwenye mali kwanza, na la fundi baadaye.

Tangu mfumo wa forodha wa TANCIS ulipochukua nafasi ya ule wa ASYCUDA mwaka 2014, hakuna wakala anayeweza kufanya kazi bila mtandao. Wengi wenu mna ofisi Tanga mjini, tawi hapa mpakani, na wengine mna dawati la tatu karibu na bandari ya Dar es Salaam. Katika kila ofisi kuna kisanduku kinachochuja kiingiacho na kitokacho. Vitabu hukiita ukuta wa moto. Mafundi hukiita faiwoli, na leo nitakiita lango, kwa kuwa watu wa mpakani hatuhitaji kufundishwa maana ya lango. Malango yote hayo hupokea amri kutoka kwenye kompyuta moja, ambayo ndiyo seva ya usimamizi. Humo zimo kanuni za nani apite na nani azuiwe, humo zimo kumbukumbu za matukio, na humo zimo funguo ambazo kwazo ofisi ya Tanga na tawi la Horohoro huzungumza kwa njia iliyofichwa.

Mfikirie askari aliye kwenye kizuizi cha barabara. Simu ya makao makuu ikikatika usiku, haachi kazi. Huendelea kwa amri za mwisho alizopewa. Ndivyo yalivyo malango ya mifumo mingi: seva ikizimwa kwa saa chache, ulinzi hauondoki, ila huwezi kubadili kanuni. Lakini askari huyo huyo anaujua muhuri wa mkuu wake. Akija mkuu mpya mwenye cheo kile kile na jina lile lile, lakini muhuri tofauti, hatamtii, na hana kosa. Shida nyingi za kuhamisha seva zimo katika muhuri huo.

Kwa nini tuhame basi? Kwa sababu mashine huzeeka, na hewa yetu ya pwani yenye joto na chumvi huziharakisha. Kwa sababu umeme ukikatika na kurudi ghafla, diski ndizo huumia kwanza. Na kwa sababu programu nazo zina umri: kwa mfano, Windows Server 2012 ilifikia mwisho wa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023, na bado iko kazini katika ofisi ambazo wenyewe hawajui. Mlinzi wa mtandao anayeishi ndani ya programu iliyoachwa na mtengenezaji ni mlinzi asiyekuwa na afya.

Sasa niseme jambo ambalo si la kujivunia. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo, nilifanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi moja ya uwakala Tanga mjini, yenye tawi hapa Horohoro. Mwenye ofisi alinunua mashine mpya. Fundi akaja Ijumaa alasiri, akanakili mafolda ya seva ya zamani kwenye diski ya mkononi, akaweka kwenye mashine mpya toleo jipya la programu, kisha akaniambia niifute ile ya zamani kwa kuwa mnunuzi alikuwa anaingojea. Nikaifuta. Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu na kidole kilichobonyeza kilikuwa changu.

Ilipofika saa mbili usiku, mashine mpya iliwaka vizuri, ikapendeza, na malango yote mawili yakaikataa. Mafolda tuliyonakili hayakuwa nakala kamili; mamlaka ya ndani ya vyeti, yaani ule muhuri niliousema, haikuwemo. Fundi akaona njia ni kuyarudisha malango katika hali ya kiwandani ili yapokee muhuri mpya. Tukaendesha gari usiku ule kilomita sitini na kitu hadi hapa. Malango yakarudi katika hali ya kiwandani, na kwa kufanya hivyo yakazisahau kanuni zote. Hakuna mtu aliyekuwa amezichapa mahali popote. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapa nje palikuwa na lori la machungwa ya Muheza. Ankara yake, cheti cha afya ya mimea na cheti cha uasili vilikuwa vimehifadhiwa katika kompyuta ya Tanga, ambayo sasa haikufikiwa na mtu yeyote. Jumamosi nzima tulitafuta nakala nyingine za nyaraka, moja moja, kwa simu. Mama mwenye mzigo alikaa kwenye kivuli cha lori. Hakugomba. Aliniambia tu, "Mwanangu, machungwa hayajui kompyuta." Lori lilivuka Jumapili alasiri. Mnunuzi wa Mombasa alikuwa ameshanunua kwa mwingine, akamshushia bei. Na machungwa ya chini yalikuwa yameanza kuoza kwa joto. Ofisi haikumfidia, kwa maelezo kwamba ilikuwa hitilafu ya mitambo. Haikuwa hitilafu ya mitambo. Mitambo ilifanya kama ilivyoamriwa.

Nimeyasimulia haya ili mwone ni nini hasa kinachohamishwa. Mashine ni bati na nyaya. Kinachohama ni kanuni, vyeti, funguo na leseni, na hivyo haviji kwa kunakili mafolda. Watengenezaji hutoa chombo maalumu cha kutolea nakala kutoka seva ya zamani na kuipokea katika seva mpya, na huandika ni matoleo gani yanayopokeana. Mwambieni fundi awaonyeshe maandishi hayo kabla hajaanza. Na kama inawezekana, msibadilishe mashine na toleo la programu usiku mmoja. Hamisheni kwanza, acheni vitulie, kisha pandisheni toleo siku nyingine; mambo yakiharibika mtajua yameharibiwa na nini.

Faili la nakala hufungwa kwa nenosiri. Swali langu kwa kila mwenye ofisi aliyepo hapa ni hili: nenosiri hilo unalijua? Ikiwa liko katika kichwa cha fundi peke yake, basi ulinzi wako umeuazima. Liandikwe, litiwe katika bahasha, bahasha ifungwe kwenye kabati la nyaraka zenu za thamani. Vivyo hivyo leseni ya programu: iandikishwe kwa jina la kampuni yako na barua pepe ya kampuni yako, si ya fundi. Baadhi ya watengenezaji huifunga leseni kwenye anwani ya IP ya seva, hivyo anwani ikibadilika leseni hulala mpaka itolewe upya. Ndiyo maana ni heri mashine mpya ichukue anwani ile ile ya zamani. Lakini mashine mbili zenye anwani moja zisiunganishwe kwenye mtandao kwa wakati mmoja. Chomoa kebo ya ya kwanza, ndipo uchomeke ya pili.

Niongeze habari ya saa, kwa kuwa ni ndogo na inaumiza. Kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayotunza saa wakati umeme haupo. Mashine iliyokaa stoo muda mrefu betri hiyo hufa, na kompyuta huamka ikidhani ni mwaka uliopita zamani. Vyeti vyote huonekana kwake kuwa bado havijaanza kutumika. Nimewahi kumwona fundi hodari akihangaika tangu magharibi hadi alfajiri kwa betri inayouzwa kwa bei ya soda mbili tatu. Kabla ya lolote, tazameni saa na tarehe.

Nakala muiweke wapi? Siku hizi wengi huiweka mbali, kwenye hifadhi ya mtandaoni inayoitwa wingu. Si vibaya. Ila kumbukeni Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu upande wa kusini, na intaneti ikadorora nchini kote. Mtu ambaye nakala yake pekee ilikuwa nje ya nchi asingeweza kuishusha siku ile. Iwepo moja ng'ambo na moja mkononi, katika diski isiyounganishwa na mtandao, na ile ya mkononi ifungwe kwa usimbaji, kwani aliyeishika nakala hiyo ameshika funguo zenu zote. Na nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hata mara moja kwa majaribio, mimi siihesabu kuwa nakala.

Kuhusu siku yenyewe: isiwe Ijumaa, hata kama fundi anaipenda. Chagueni siku ambayo kesho yake msaada unapatikana, na wakati ambao hamna mzigo uliokwisha kuitwa. Wajulisheni wateja mapema. Chapeni kanuni zote kwenye karatasi. Pawepo na betri ya akiba ya umeme iliyopimwa, si iliyopo tu. Mashine mpya ikishawaka, msitosheke na kuona taa za kijani. Fungueni waraka wa Tanga mkiwa hapa Horohoro, ingieni kwenye mfumo wa forodha, badilisheni kanuni moja ndogo na mwone kama malango yameitii. Kisha mashine ya zamani iwekwe kando, imezimwa, haijafutwa. Mimi husema wiki nne. Wenzangu ofisini husema ninazidisha, na pengine ni kweli, lakini wao hawakuliona lile lori.

Baada ya hapo ndipo lije suala la kuifuta, na hapa sheria inaingia. Ndani ya mashine hizo mna nakala za pasipoti, namba za mlipakodi, namba za simu za madereva. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na ndiyo iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wajibu huo hauishi kwa sababu mmenunua mashine nyingine. Kufuta mafaili kwa njia ya kawaida, hata kuifomati diski kwa haraka, huondoa tu orodha ya yaliyomo. Yaliyomo yenyewe hubaki, na programu za kuyarudisha zinapatikana bure. Diski za kuzunguka ziandikwe juu kwa programu ya kufutia. Zile zisizo na kitu kinachozunguka zinahitaji amri ya kufuta iliyowekwa na mtengenezaji. Diski iliyokufa, isiyokubali amri yoyote, itobolewe au ivunjwe. Mashine inaweza kuuzwa bila diski. Bei itapungua kidogo, na iacheni ipungue.

Nimalizie kwa fundi. Muulizeni kama ana leseni ya Mamlaka ya kufunga na kutengeneza vifaa vya mawasiliano ya kielektroniki. Mkataba uwe wa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja na hata kama fundi ni mtoto wa shangazi. Uandikwe ni siku gani atafanya kazi, ni nani atalipa mambo yakikwama, na kwamba nakala, manenosiri na kanuni zilizochapwa vitakabidhiwa kwenu kabla ya malipo ya mwisho. Tatizo likiwa la mtoa huduma wenu wa intaneti, malalamiko yapelekwe kwake kwanza, mpate namba ya kumbukumbu. Asipolitatua, mje kwetu na namba hiyo.

Mwenzangu ameleta mashine mbili za mazoezi na lango moja dogo. Tutahamisha kutoka moja kwenda nyingine mbele yenu, na tutaanza kwa kuirudisha saa ya mashine mpya hadi mwaka 2001 ili mwone lango likiikataa. Anayetaka kushika bisibisi asogee hapa mezani.