Uvimbe wa Mbwa Mzee na Gharama ya Tiba Yake



Katika miji yetu ya pwani, ambako mbwa wa ulinzi hulala nje penye lango, na watu wa nyumbani, kwa kuchunga twahara kama yapasavyo madhehebu ya Shafii, aghalabu hawamgusi ila kwa haja, uvimbe mwilini mwake huja kuonekana umekwisha kufika kiasi cha limau. Na hapo mwenyewe, kwa kushtuka, huuliza bei ya kupasua kabla ya kuuliza uvimbe wenyewe ni wa namna gani. Dai langu ni kwamba kupinduka huku kwa utaratibu ndiko kunakoighalisha tiba, kuliko ujira wa tabibu.

Vinundu vya mbwa aliyekula umri havifanani. Viko vya mafuta matupu, laini, visogeavyo chini ya kidole, ambavyo mara nyingi huachwa vilivyo. Viko vya matiti ya jike, ambavyo takriban nusu yake ni saratani. Na viko viambukizwavyo kwa kupandana, vitoavyo damu sehemu za siri, ambavyo kwa kawaida havihitaji kisu, kwa kuwa dawa ya vinkristini, ikitiwa mshipani kila juma kwa majuma machache, aghalabu huvimaliza. Tena ziko saratani za ngozi zijifanyazo mafuta, hata mkono wa tabibu mzoefu ukahadaika. Cha kuzipambanua ni sindano nyembamba, kipande cha kioo, rangi na darubini: uvimbe huchomwa, mara nyingi pasipo nusu kaputi, zikavutwa chembe chache na kutazamwa. Gharama yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya upasuaji, na airukaye kwa tamaa ya akiba yamkini atalipia upasuaji usiohitajika, au, lililo zito zaidi, atalipa mara mbili, kwani saratani iliyokatwa karibu mno na kingo zake hurudi.

Aliye mbali na mji asikate tamaa. Kioo kilichopakwa chembe kikakaushwa hewani husafiri kwa wepesi kuliko mbwa. Afisa mifugo aliye karibu akiweza kukitayarisha, basi la asubuhi laweza kukifikisha kwenye maabara. Nazo hospitali za wanyama za vyuo, kama ile ya Sokoine huko Morogoro na ya Kabete kwa wenzetu wa Nairobi, ambako wanafunzi hujifunza chini ya walimu wao, ni aula kuulizwa mapema. Na mwenye mbwa ataje bila haya kiasi alicho nacho, aandikiwe gharama hatua kwa hatua, ili ajue ni wapi aweza kusimama.

Wakati wa kungoja majibu, uvimbe upimwe kwa utepe na tarehe iandikwe. Wala mbwa asipewe ibuprofeni ya dukani kwa kuhurumiwa, maana humtoboa tumbo na kuharibu figo, na tiba ya sumu hiyo huenda ikazidi gharama ya uvimbe wenyewe.