Siku nne za mkutano wa miguu bandia



Mlituuliza: fundi wa miguu bandia akitumwa ng'ambo kwenye mkutano, anatuletea nini? Swali ni la haki. Mkutano mkuu wa ISPO, chama cha dunia cha viungo bandia, hufanyika kila miaka miwili. Ule wa 2025 ulikuwa Stockholm, Uswidi, tarehe 16 hadi 19 Juni. Vikao vinaendeshwa kwa wakati mmoja katika kumbi nyingi, hakuna anayehudhuria vyote. Asiyejipanga humaliza siku akitazama mikono ya umeme. Inapendeza, lakini hapa tutaichaji wapi?

Kwa hiyo tumekubaliana na mafundi wetu: programu tuisome pamoja nanyi mnaovaa miguu hiyo, kabla ya safari. Mama mmoja ametuambia unyayo wake unapasuka kwa mawe ya volkano ya Goma. Mzazi mwingine amesema mtoto anakua, mguu unakuwa mfupi kabla mwaka haujaisha. Maswali hayo mawili yatangulie. Asubuhi fundi aende kwenye vikao vya polipropilini, ile plastiki ya bei nafuu inayotumiwa na Msalaba Mwekundu wa kimataifa. Saa ya chai asikae na Wakongo wenzake tu, awatafute mafundi wa Kambodia, waliohudumia watu wengi waliokatwa na mabomu ya ardhini. Jioni aandike aliyosikia, kabla ya usingizi.

Akirudi, wiki ya kwanza atakuja kwenu kujibu. Viongozi, mtuletee maswali ya watu wenu, na ya watoto pia.