Mji Uliosafisha Hewa Yake

Chattanooga ni mji wa Marekani kando ya mto Tennessee, wenye watu 181,099 kwa hesabu ya mwaka 2020. Mwaka 1969 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kuwa hewa yake ni chafu kupita miji yote nchini. Moshi wa viwanda ulizuiliwa na milima, hata madereva wakawasha taa mchana.

Wenyeji waliweka sheria kali juu ya moshi. Baadaye viwanda vingi vilifungwa, na kazi zikapungua. Lakini hawakuukimbia mji wote. Daraja kuukuu la Walnut Street, lililofungwa kwa magari mwaka 1978, walikataa libomolewe. Tangu mwaka 1993 ni njia ya waendao kwa miguu. Nyumba hufagiliwa na wakaao ndani yake.