Mwalimu Aliyempa Mwanafunzi Fimbo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika chache nizungumzie michezo ya kuigiza shuleni. Wako wanaodhani ni njia ya kupoteza Jumamosi. Mimi nasema ndipo mahali ambapo mwanafunzi hujifunza kumwamini mwalimu wake.

Mwaka 1999, tukiwa kidato cha tatu, tulicheza "Kinjeketile", tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969, inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kabla ya kushika kitabu, mwalimu alitutaka tuigize kwa maneno yetu wenyewe jinsi watu wa Umatumbi walivyolazimishwa kulima pamba. Yeye akashika jembe. Fimbo ya mnyapara akampa mwanafunzi. Darasa zima likanyamaza, maana fimbo ile tuliifahamu vizuri. Mwenzetu alisitasita, kisha akafoka. Mwalimu akainama, akalima. Mazoezi yalipokwisha, fimbo ilirudi kabatini wala hakuna aliyeulizwa neno.

Somo la pili lilitoka ndani ya tamthilia yenyewe. Watu waliamini kuwa maji yatawakinga na risasi, na kiongozi wao mwenyewe akaingiwa na shaka. Mwalimu akatuuliza: mtu akikuamini kwa jambo usiloweza kulitimiza, umemtendea nini? Kwa hiyo yeye hakutuahidi makubwa. Alituahidi mambo mawili tu: anayekosea hatachekwa, na linalosemwa mazoezini halitapelekwa ofisini bila ridhaa ya mwenyewe, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini.

Ahadi hiyo ilijaribiwa. Jioni moja mwenzetu aliigiza kijana anayefunga sanduku lake usiku kwa kukosa ada. Aliigiza vizuri mno. Mwalimu hakumwuliza mbele yetu. Alingoja tutawanyike, akamwomba ruhusa, ndipo wakaenda pamoja kwa Mkuu wa Shule wa wakati ule. Ada ikapangwa kulipwa kidogo kidogo, na mwenzetu akamaliza kidato cha nne. Yeye mwenyewe ameniruhusu niliseme jambo hili leo, bila kumtaja jina.

Ndugu zangu, katika utumishi wa serikali nimeona hayo hayo. Mwananchi haelezi shida yake yote siku ya kwanza. Hukutazama kwanza kama utamcheka, na kama neno lake litatoka nje ya mlango.

Nimeambiwa chama cha maigizo hapa shuleni kimelala. Kukiamsha hakuhitaji fedha nyingi: ukumbi upo, na majembe yapo. Naiomba shule impunguzie mwalimu mmoja zamu za Jumamosi, nasi tununue vitabu. Ndugu Mwenyekiti, mimi naanza na nakala kumi.