MSICHANA WA SHAMBA NA MIEZI YA KUNGOJA CHUO

Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imenipa nafasi niseme machache juu ya binti zetu waliomaliza shule ya sekondari na wanaongoja kwenda chuoni. Naishukuru kwa heshima hiyo. Mimi si mwalimu wala si mhubiri; ni karani, na kazi yangu ni kuandika barua na kujaza hati za watu. Lakini karani huona jambo ambalo wengine hawalioni: huona ni barua zipi zilizojibiwa kwa wakati wake, na zipi zilizokaa sandukuni mpaka muda ukapita.

Desturi ya siku hizi mwaijua. Mtihani wa kidato cha nne humalizika mwezi wa Novemba. Miaka ya karibuni matokeo yametangazwa mwezi wa Januari. Vyuo vikuu navyo hupokea wanafunzi wapya mwezi wa Agosti au Septemba. Basi, tangu siku msichana aliyoweka kalamu chini hata siku atakayopanda gari na sanduku lake, hupita miezi tisa hivi. Katika miezi hiyo hana sare ya shule, hana kengele, hana mwalimu wa kumwuliza. Yuko nyumbani, na kila mtu ana shauri lake juu yake.

Miezi hiyo si jambo geni katika nchi yetu. Marehemu Profesa Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, katika Nyeri, tarehe 1 Aprili 1940. Baba yake alikuwa mfanyakazi katika shamba la mzungu upande wa Nakuru, na mama yake alikuwa mkulima. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kumpeleka shuleni. Ni kaka yake aliyemwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shuleni kama wao wengine. Na mama, ijapokuwa alihitaji mikono ya binti yake nyumbani na shambani, akakubali. Msichana yule akasoma mpaka akamaliza shule ya Loreto, Limuru, mwishoni mwa mwaka 1959. Safari yake ya kwenda chuoni Marekani ilikuwa mwezi wa Septemba 1960, katika mpango wa ndege wa vijana ulioanzishwa mwaka uliotangulia kwa juhudi za marehemu Tom Mboya na rafiki zake. Yeye pia alikuwa na miezi yake ya kungoja, karibu sawasawa na ya binti zetu.

Wazee wangu, fikirini kama mama yule angalisema, "Kazi ya shamba ni nyingi, mwache akae." Mwaka 1964 tusingalisikia kwamba amepata shahada ya sayansi, wala mwaka 1971 kwamba amepata shahada ya udaktari hapa Nairobi, wala mwaka 1977 kwamba ameanza Green Belt Movement, ambayo wanawake wa mashambani wamepanda kwayo miti zaidi ya milioni 30, wala mwaka 2004 kwamba Mwafrika mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel ametoka Ihithe. Tena yafaa tukumbuke kwamba siku alipoipokea tuzo ile hakuwaeleza wakubwa wa dunia habari za vyuo vyake tu. Aliwaeleza habari za kijito kilichokuwa karibu na nyumbani kwao, alikokwenda kuchota maji alipokuwa mtoto. Shamba halikuwa kizuizi cha elimu yake. Shamba lilikuwa sehemu ya elimu yake.

Kwa hiyo sisemi kwamba binti anayengoja chuo aondolewe jembe mkononi. Hasha! Mvua za masika huanza mwezi wa Machi, naye yupo. Na apande pamoja na mamaye. Mwezi wa Mei na Juni ni wa kupalilia, na apalilie. Kama kuna majani ya chai, na ayachume. Ng'ombe amkame, na hesabu ya maziwa aiandike yeye, kwa maana amejifunza hesabu kwa karo yetu. Msichana ajuaye jinsi shilingi inavyotoka udongoni hataitupa ovyo atakapokuwa mjini. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Lakini kuna tofauti kati ya kumfundisha kazi na kumgeuza mtumishi. Ninazo habari za nyumba ambako msichana aliyeitwa chuoni alipelekwa mjini kulea watoto wa jamaa "kwa mwezi mmoja tu." Mwezi ukawa miwili, miwili ikawa mwaka, na nafasi yake ikapotea. Wako wengine waliokuja kuposwa mwezi wa Aprili, na mahari ikapokewa kabla barua ya chuo haijafika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yakataza kumwoza aliye chini ya miaka 18. Lakini wengi wa binti hawa wamekwisha timiza miaka hiyo. Hapo sheria haizuii ndoa yao kwa sababu ya umri. Kinga yao ni hiari yao wenyewe, na busara ya baba na mama. Mvulana akingoja chuo, hakuna amwulizaye ataoa lini. Basi na tuwape binti zetu amani ile ile tunayowapa ndugu zao.

Sasa naja kwenye jambo zito, yaani fedha.

Chuo hudai karo na gharama nyingine siku ya kuripoti, mwezi wa Agosti au Septemba. Je, mkulima ana nini mkononi wakati huo? Katika nchi zetu za juu, mahindi yaliyopandwa mwezi wa Machi au Aprili bado yamesimama shambani. Mavuno yake ni Oktoba na kuendelea. Wakulima wa chai nao hupata bonasi yao kwa kawaida mwezi wa Oktoba. Maana yake ni kwamba deni latangulia na mali yafuata. Mzee si maskini, lakini mwezi wa Agosti ghala yake ni tupu. Ndipo hutokea mnunuzi mwenye fedha taslimu, akachukua ng'ombe kwa nusu ya bei, au akanunua mahindi yakiwa mabichi, au, vibaya zaidi, akataka kipande cha ardhi. Miezi miwili baadaye baba ana bonasi mkononi, lakini ng'ombe hayupo tena, na mpaka wa shamba umesogezwa. Akiwa na binti mwingine nyuma ya huyu, atasema, "Elimu ya msichana imeniua," kumbe aliyemwua ni mwezi wa Agosti.

Serikali nayo ina Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iitwayo HELB, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995. Msaada huu ni wa kweli, lakini haumfikii asiyeuomba, wala haumfikii aombaye akiwa na hati pungufu. Binti asiye na kitambulisho, au ambaye jina lake katika cheti cha kuzaliwa halifanani na lile la cheti cha shule, aweza kusimamishwa mlangoni. Mambo haya hayarekebishwi kwa siku moja. Yafaa yaanze mwezi wa Januari, si mwezi wa Julai.

Kwa sababu hizo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ufikiri mashauri matatu.

Kwanza, Chama kiwe na daftari la vijana wote wa eneo letu waliomaliza kidato cha nne, wasichana na wavulana, na kila mwezi Halmashauri iulize: huyu amefikia wapi? Msichana ambaye jina lake husomwa mbele ya wazee kila mwezi hapotei kimya kimya.

Pili, niko tayari kukaa ofisini kila Jumamosi asubuhi, tangu Januari mpaka Machi, kuwasaidia wazazi kukagua vyeti na kujaza maombi, bila malipo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, sehemu ya akiba yetu itengwe iwe mkopo wa miezi mitatu. Mzazi akopeshwe mwezi wa Agosti kwa kuonyesha barua ya chuo, na kwa dhamana ya wanachama wawili. Naye arudishe bonasi itakapolipwa, au mahindi yatakapouzwa. Si sadaka, wala hakitapunguza Chama, kwa kuwa fedha zitarudi kabla ya mwaka kwisha. Haba na haba hujaza kibaba.

Najua wako wazee wanaouliza moyoni, "Je, akienda atarudi?" Swali hilo ni la haki, na si la kuchekwa. Mama ampelekaye binti yake chuoni hupoteza mkono wake wa kuume siku ile ile, na kuni za jioni atazichanja peke yake. Siwezi kuahidi kwa niaba ya kila msichana. Nasema hivi tu: aliyeondoka kwa baraka hujua njia ya kurudi, na aliyezuiliwa kwa nguvu, ijapokuwa mwili wake uko jikoni, amekwisha kwenda.

Basi tuwaage binti zetu vizuri, wakiwa wamepalilia shamba la mama, hati zao zikiwa tayari, na ng'ombe wa baba akiwa bado zizini.

Nayaweka mashauri haya mbele yenu, wazee wetu, ili mkutano uyaamue.