Mzazi Ashike Wapi, Aachilie Wapi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wenye vijana waliomaliza shule)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya vijana wetu wanaoanza kutafuta kazi, na mzazi aendelee kuwaongoza kwa kiasi gani. Habari za adabu ya nyumbani hatutazigusa, maana kila mtu ana mila yake. Tutasema habari za kazi, ambazo ndizo tunazozijua.

Sheria ya Kenya yasema mtu akitimiza miaka 18 ni mtu mzima. Hupewa kitambulisho, ambacho wengi wetu tungali tukikiita kipande. Kipande chenyewe, kile walichovalishwa shingoni wanaume wa Kiafrika tangu karibu mwaka 1920, kilikuwa jambo jingine kabisa. Kiliandikwa jina la tajiri na mshahara, na mtu hakuweza kuondoka kazini mpaka tajiri atie sahihi. Cha leo ni mali ya mwenyewe. Lakini wako wazazi wanaomshika kijana kana kwamba wao ndio matajiri wa kipande kile cha zamani.

Tuseme habari moja. Kijana wa miaka 19 alikuwa akifanya kazi katika ghala moja, ikasemekana katoni zimepungua. Baba yake, memba wa siku nyingi na mtu mwema, alisikia jioni. Asubuhi akaenda kwa meneja, kofia mkononi, akaomba msamaha, kisha akamwambia mwanawe aandike barua ya kutaka radhi ili mambo yaishe. Kijana akasema, "Baba, mimi sikuchukua kitu." Baba akamjibu, "Wewe andika tu." Akaandika kwa kumheshimu mzazi. Juma lililofuata akafukuzwa, na ushahidi ulikuwa barua ile ile. Mwakilishi wetu alipofika hakuwa na pa kushika.

Baba yule alifanya kama alivyofunzwa na maisha yake, kwamba mnyonge huokoka kwa kuinama. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla ya mfanyakazi kuachishwa kwa kosa, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Baba hakutajwa pale, wala mama.

Basi kiasi gani? Kwa maoni yetu, kabla kijana hajatia sahihi mzazi aseme sana. Akishatia, mzazi angoje kuulizwa. Kaeni naye mezani msome mkataba. Kazi ya miezi 3 au zaidi yapasa kuandikwa. Muda wa majaribio usizidi miezi 6, na hauongezwi ila mwenyewe akubali. Likizo ya mwaka isipungue siku 21 za kazi. Aulize atakatwa nini katika mshahara, na kwa nini. Akitokea mtu wa kutaka pesa ili ampe kazi, mzazi asiuze mbuzi wake. Na binti akitaka kwenda kufanya kazi Ghuba, mkataba ausome yeye, si mjomba peke yake, na nakala ibaki nyumbani kabla hajapanda ndege.

Juu ya mshahara tulibishana sana katika kamati. Wengine walisema anayekula ugali wa nyumbani asaidie kununua unga, nasi twakubali. Lakini kiasi kikubaliwe naye. Tumesikia mzazi anayeshika namba ya siri ya simu ya mwanawe, pesa zikiingia anazitoa yeye. Kijana huyo atajifunza lini kuhesabu? Siku moja atakopa kwa simu kwa siri, na deni hilo mzazi hatalijua mpaka limekomaa.

Wengine watasema samaki mkunje angali mbichi. Kweli, lakini huyu wa miaka 19 amekwisha kauka, ukimkunja atavunjika. Hata wazee wetu hawakuamini kwamba mzazi peke yake atosha. Pwani mwari alikuwa na kungwi wake, na Wakikuyu walimpa kijana mutiiri wa kumtunza wakati wa tohara. Yako maneno ambayo mtoto hawezi kumwuliza baba, na yako ambayo baba hawezi kuyasema bila kukasirika. Kazini mtu wa namna hiyo ni mwakilishi wa wafanyakazi. Aliyaona mengi kabla ya kijana wako kufika, tena hamdai ada ya shule aliyomlipia.

Mwenye kijana anayeanza kazi mwezi ujao, ofisi ya tawi i wazi Jumamosi asubuhi. Amlete, au afadhali amwache aje peke yake, na mkataba wake mkononi, kabla hajautia sahihi.