SIKU MOJA KATI YA DELPHI NA METEORA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wakristu na wageni katika juma la Jubile ya parokia



Kamati ya Jubile ilitaka tuwasimulie safari tuliyoifanya sisi mapadri wawili, wana wa parokia hii, tulipokuwa masomoni Roma. Kwanza tulisita. Tulijiuliza: habari za Ugiriki zina kazi gani katika sikukuu hii, tunapowakumbuka wazee waliobeba matofali kichwani toka mtoni hadi juu ya kilima hiki? Lakini tulipofikiri zaidi tuliona kwamba wazee hao wangezifahamu habari hizi upesi kuliko sisi, kwa maana ni habari za watu waliopandisha mawe juu kusudi Mungu apate nyumba.

Tena Wagiriki si wageni kwetu. Walio na mvi kati yenu wanakumbuka maduka yao katika miji ya Katanga, na wale wa Kasenga waliokuwa wakinunua samaki za Luapula na kuzipeleka mjini. Wengi wao waliondoka baada ya maduka na mashamba yao kutwaliwa kufuatana na amri za tarehe 30 Novemba 1973. Tuliwajua kwa mizani na kwa daftari la madeni. Ni wachache kati yetu waliowahi kuuliza Mgiriki husali namna gani, ingawa Kanisa la Waortodoksi liko hapa kwetu Kongo, chini ya Patriarka wa Aleksandria, na Wakongo ni waamini wake.

Basi tulikuwa Athene kwa siku chache. Kuna otobisi kubwa zinazowapeleka watalii mahali hapo, lakini hizo husimama zinapotaka zenyewe, na mtu hupewa dakika arobaini za kutazama kazi ya miaka mia sita. Tulichanga fedha pamoja na wanafunzi wenzetu wawili, tukakodi motokari moja na shofere wake, mtu mzima, mwenye picha ndogo ya Bikira Maria mbele ya usukani. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Ni vema kuwaambia waziwazi: toka Athene hadi miamba ya Meteora ni kilomita zipatazo 350, na anayepitia Delphi huongeza njia ya milima. Siku moja yatosha kuona, haitoshi kusali. Mwenye nafasi alale Kalambaka, mji mdogo ulio chini ya miamba ile.

Saa mbili tulikuwa Delphi, kwenye ubavu wa mlima Parnassos. Watu wa kale walisema hapo ndipo kitovu cha dunia, na jiwe la kitovu hicho walilichonga, nasi tuliliona. Katika hekalu la Apolo aliketi mwanamke, Pythia, juu ya kiti cha miguu mitatu, na wafalme walituma wajumbe toka mbali kumwuliza kama waende vitani au wakae. Mwisho wa karne ya 4, wakati wa Kaisari Theodosius, ibada hizo zilikatazwa. Leo nguzo sita zimesimamishwa tena, na upepo unapita katikati yake.

Wataalamu wa Ufaransa walianza kuchimba hapo mwaka 1892. Kijiji kizima, jina lake Kastri, kilikuwa kimejengwa juu ya hekalu, kikahamishwa mahali pengine. Sisi watu wa nchi ya madini tunajua maana ya kuhamishwa kwa ajili ya kilicho chini ya nyumba yako, na tulipotembea pale tuliwafikiria wenye nyumba za Kastri kuliko mfalme yeyote.

Lakini kuna jambo moja la Delphi ambalo kila mkatekista angefurahi kulijua. Katika mawe yaliyovunjika vilipatikana vipande vya barua ya Kaisari Klaudio, iliyochongwa kwa Kigiriki, na ndani yake limo jina la Galio, mtawala wa Akaya. Ni yule yule Galio wa Matendo ya Mitume, sura ya 18, aliyekataa kumhukumu Paulo huko Korinto. Kwa jiwe hilo wataalamu waliweza kukadiria kwamba Galio alitawala karibu na mwaka 51 au 52. Ndipo wakapata pa kushika katika kuhesabu miaka ya safari za Mtume, na ya barua yake ya kwanza kwa Watesalonike, ambayo aliiandika akiwa Korinto. Tazameni: hekalu la mungu wa uongo limetunza ushahidi wa Injili, bila mtu kuliomba lifanye hivyo! Tulikaa mbele ya habari hiyo muda mrefu kuliko mbele ya sanamu ya shaba ya mwendesha farasi, ambayo watalii wote huikimbilia, ingawa kweli ni nzuri mno, na macho yake yangali yanatazama kama ya mtu hai.

Saa nne tuliondoka. Njia inashuka, inapita Lamia, inapanda tena, kisha inatoka katika uwanda wa Thessalia, mashamba ya pamba na ngano, joto kama la Kalemie. Huko hatuna la kusimulia, maana wawili kati yetu walilala usingizi.

Karibu saa nane tuliona miamba. Wandugu, tulikuwa tumeona picha zake, picha hazisaidii. Uwanda ni tambarare kabisa, na ghafla mawe makubwa yanasimama wima kama vidole, mengine yenye urefu wa mita mia tatu na zaidi, ya rangi ya kijivu. Si jiwe moja gumu: ni mchanga na kokoto za mto wa zamani sana zilizoshikana, nanyi mnaweza kuziona kokoto hizo kwa macho. Juu kabisa, pahali ambapo tai angeogopa kujenga, mnaona paa jekundu na msalaba. Jina Meteora maana yake ni vitu vilivyotundikwa hewani.

Kwanza walikuja wakaa-pweke, wakaishi katika mapango ya miamba. Katika karne ya 14 alifika mtawa Athanasi kutoka Mlima Athos, akaanzisha monasteri iliyo kubwa kuliko zote, na mwana wa mfalme, Yoasafu, aliacha kiti cha enzi akamfuata. Baadaye monasteri zikawa 24. Kupanda kulikuwa kwa ngazi za mbao zilizofungwa kamba, au mtu aliketi ndani ya wavu, na wenzake wa juu wakamvuta kwa gurudumu kama mnavyovuta ndoo ya kisima. Husimuliwa kwamba mgeni mmoja aliuliza kamba hiyo hubadilishwa lini, akajibiwa kwamba hubadilishwa siku Mungu anaporuhusu ikatike. Ngazi za mawe tunazopanda leo zilichongwa karibu zote katika miaka ya 1920.

Tulichagua monasteri mbili tu kati ya sita zilizo hai. Ya kwanza ni Varlaam, na ndiyo iliyotuleta mbele yenu leo.

Varlaam lilikuwa jina la mkaa-pweke mmoja aliyepanda mwamba ule karibu na mwaka 1350. Alijenga makanisa madogo, akachimba kisima cha kukinga maji ya mvua, akafa. Hakuna aliyemfuata. Mwamba ukakaa bila mtu zaidi ya miaka mia na hamsini. Fikirini vizazi vingapi vilizaliwa chini yake, vikalima, vikafa, vikiyatazama magofu ya kanisa lisilo na sauti! Ndipo karibu na mwaka 1518 ndugu wawili kutoka Ioannina, Theofane na Nektari, walipanda na kuanza tena. Mapokeo ya monasteri husema kwamba kupandisha mbao, mawe na chokaa kulichukua miaka 22, lakini vitu vyote vilipokuwa tayari, kanisa la Watakatifu Wote lilijengwa kwa siku 20 tu. Hatuwezi kuapa kwa hesabu ya mapokeo. Lakini anayepanda ngazi zile karibu mia mbili, mikono mitupu, na kufika juu akihema, hawezi kuicheka.

Mlangoni mtawa hukata tiketi. Mama wanaokuja na suruali hupewa kitambaa wajifunge kiunoni, kama mama zetu wanavyojifunga kikwembe, na tuliona wazungu wengi wakihangaika nacho. Ndani kuna mnara wa gurudumu na wavu, na pipa la divai la zamani la kupokea lita zipatazo 12,000, jambo lililowafurahisha wenzetu kupita kiasi. Kisha tuliingia kanisani. Ni dogo na lina giza. Kuta zote, toka chini hadi kuba, zimejaa watakatifu waliochorwa mwaka 1548, nyuso zao zimekuwa nyeusi kidogo kwa moshi wa mishumaa, hata mmoja wetu alinong'ona: hawa wanafanana na sisi. Mama mzee wa Kigiriki alibusu ikoni, akafanya ishara ya msalaba toka kulia kwenda kushoto, akaketi. Watalii walimpita pande zote mbili kama maji yanavyopita jiwe.

Hapo ndipo uchungu ulipotupata. Sisi ni mapadri, tuna Ekaristi moja ya Bwana, Mitume wale wale, Mama yule yule; lakini katika kanisa lile hatukuweza kuadhimisha Misa, wala tusingaliweza kupokea kutoka kwa mikono ya ndugu zetu. Utengano unaohesabiwa tangu mwaka 1054 haukuwa tena sura ya kitabu cha historia. Twajua kwamba tarehe 7 Desemba 1965 Papa Paulo VI na Patriarka Athenagora waliziondoa laana za zamani, na kwamba Papa Yohane Paulo II alipofika Athene, mwezi wa Mei 2001, alimwomba Mungu msamaha kwa makosa ya wakatoliki juu ya Waortodoksi. Mambo hayo ni makubwa. Hata hivyo tulisimama nyuma, karibu na mlango, tukasali Baba Yetu kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo.

Ya pili ilikuwa Mtakatifu Stefano. Hii haina ngazi ndefu: mtu hupita daraja fupi, na wazee hufika. Ilikuwa imeharibiwa katika vita kuu ya pili na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, ikabaki karibu tupu. Mwaka 1961 walikuja masista, na ndio walioifufua. Wanachora ikoni, wanapanda maua, wanatunza kichwa cha Mtakatifu Karalambo, ambaye Wagiriki humkimbilia wakati wa tauni. Sista mmoja alituuliza tumetoka wapi. Tuliposema Kongo, alijibu kwamba huko wako waamini wao, kisha akatupa kila mmoja mshumaa bila kutaka fedha.

Tuliporudi tulisimama kidogo Thermopylae, jua likizama. Mwaka 480 kabla ya Kristu mfalme Leonida na watu wake 300 wa Sparta walikufa hapo wakizuia jeshi la Waajemi. Zamani palikuwa njia nyembamba kati ya mlima na bahari. Leo bahari imesukumwa mbali na udongo wa mto. Sanamu ya Leonida ilisimamishwa mwaka 1955. Watu 700 wa Thespiae, waliokaa wakafa pamoja naye, walingoja mnara wao hadi 1997. Wakatekista wetu hawatashangaa kwa habari hiyo.

Sasa neno letu. Delphi ina mawe mazuri zaidi, na hakuna anayesali. Monasteri 18 za Meteora hazina mtu, ingawa miamba yake ni mirefu kama ile mingine. Varlaam ilikuwa katika hesabu ya zilizokufa, ikarudi kwa sababu watu wawili walipanda. Nasi katika parokia hii tuna shapeli ng'ambo ya mto, iliyojengwa na baba zetu, ambayo haijasikia Misa tangu watu walipokimbia vita. Bati limechukuliwa, kuta zimebaki. Wengi husema imekwisha. Watu wa vijiji vile wameanza kurudi, jamaa moja moja, na Dominika wanasali chini ya mwembe, wakiongozwa na mama mmoja asiye na cheo chochote.

Paroko na kamati wamekubali. Jumamosi ijayo, baada ya Misa ya asubuhi, tutavuka kwenda kukata majani na kuhesabu matofali yanayofaa bado. Kila shirika hai litume watu watatu wenye jembe au panga. Mitumbwi itangoja kivukoni tangu saa moja, na anayeweza kubeba mbao alete jina lake kwa mwandishi wa parokia leo jioni.